Nani Alilipia Kuni? Historia ya Maji ya Moto ya Kuoga Pwani ya Kilwa



Kusi likishaanza kuvuma na kipupwe kuingia, swali ni lile lile kila mwaka. Mwenye mtoto mchanga anauliza, mwenye mama mzee anauliza, na anayelazimika kuoga kabla ya alfajiri anauliza: maji ya moto tuyapate vipi bila kumaliza luku, bila moshi, na bila gunia la mkaa kwisha kabla ya mwezi? Mmoja anasema nunueni hita ya umeme. Mwingine anasema ya jua. Wa tatu anacheka, anasema bibi zetu walikuwa na mafiga matatu na sufuria, na maisha yakaenda.

Kweli yalikwenda, lakini kuna mtu aliyelipa. Hiyo ndiyo sababu leo tumeona tupitie historia kabla ya kuzungumzia vifaa. Maji ya moto hayajawahi kuwa anasa ya wageni katika pwani yetu ya Kilwa na Lindi. Yamekuwamo majumbani miaka yote, tena katika nyakati nzito kuliko zote: kuzaliwa, kujitwaharisha na kufa. Gharama yake haikuandikwa katika daftari lolote kwa kuwa ililipwa na mabega ya wanawake na kwa miti ya pwani. Tukiijua gharama hiyo, kuchagua kifaa kunakuwa jambo jepesi.

Kata, kibaba na pishi

Tuanzie Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Kabla hajafika Kilwa alilala Mombasa, na huko aliona jambo ambalo hata leo halitushangazi: visima vifupi karibu na milango ya misikiti, na chombo cha mti chenye mpini mwembamba cha kuchotea maji, ili anayeingia aoshe miguu yake kwanza. Sisi tungekiita chombo hicho kata. Bibi zetu walitengeneza kata kwa kifuu cha nazi na kijiti, ikakaa juu ya mtungi, na kila aliyeoga au kutawadha alijua ametumia kata ngapi.

Huko Kilwa, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman aliyempokea msafiri huyo alikuwa na jumba la Husuni Kubwa, juu ya genge linalotazama bahari. Ndani yake lipo birika la kuogea lenye pembe nane, wazi kwa anga, na hadi leo wageni huonyeshwa. Ng'ambo ya maji, katika magofu ya Songo Mnara, nyumba za mawe za karne ya 14 na 15 zina vyoo ndani. Hawa walikuwa watu walioupa usafi wa mwili nafasi katika ramani ya nyumba. Mwaka 1981 UNESCO iliyaweka magofu ya visiwa hivi viwili katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ila tukilitazama birika la Husuni tukumbuke pia kwamba zama zile hapakuwa na pampu. Maji yote yaliyoingia humo yalichotwa na kubebwa na mikono ya watu.

Watu wa kawaida walioga kwa kipimo. Katika hadithi sahihi za Mtume (s.a.w.) imepokewa kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa sa'a moja, yaani mudi nne, mpaka mudi tano. Mudi ni kiasi cha viganja viwili vilivyojazwa, haifiki lita moja. Sa'a ni karibu lita tatu. Pwani yetu ilikuwa na vipimo vinavyolandana na hivyo: kibaba, na pishi yenye vibaba vinne. Ndiyo maana wazee wetu hawakupata taabu kuhesabu zakatul-fitri kwa pishi. Walipima mchele, na walipima maji pia.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunalisahau tukiwa bafuni. Tunaposema maji ya moto ni ghali, kinachogharimu ni lile joto lililomo ndani yake. Anayeoga kwa lita kumi anahitaji nusu ya kuni za anayeoga kwa lita ishirini, na hakuna mashine duniani inayoweza kupunguza gharama kwa urahisi namna hiyo.

Hamamu za Unguja na mabega ya Kilwa

Karne ya 19 pwani ya Kilwa ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari yenye shughuli. Kule Unguja wafalme walijenga nyumba za kuogea za aina ya Kiajemi. Mwaka 1850 Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe Shehrzad aliyetoka Uajemi. Mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwajengea watu wa mjini hamamu iliyoupa jina mtaa wa Hamamni. Moto wa kuni uliwashwa chini, ukapasha maji na sakafu, na watu wengi wakaoga kwa joto la moto mmoja. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, naye aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1886 kuhusu nyumba za kuogea za kasri la Mtoni alikozaliwa.

Kuna akili katika hamamu. Moto mmoja mkubwa unaohudumia watu wengi ni bora kuliko mioto midogo ishirini, kila mmoja ukipoteza joto lake hewani. Wataalamu wa leo wanaopanga maji ya moto ya hospitali na mabweni wanarudi kwenye wazo hilo hilo.

Lakini dada zetu, tusiwe watu wa kusifia marumaru tu. Kilwa Kivinje ya wakati ule ndipo misafara kutoka upande wa Nyasa ilipofikia, na watu waliofungwa minyororo walipakiwa majahazini kwenda Unguja. Barghash mwenyewe ndiye aliyelazimika kutia saini mkataba wa 1873 wa kuzuia kusafirishwa watumwa baharini. Katika majumba makubwa ya pwani, kuchota maji, kukata kuni na kukoka moto zilikuwa kazi za watumwa na wajakazi. Mwenye nyumba alikuta maji yako tayari bila kujua uzito wa mzigo wa kuni.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kazi ya kuni haikuisha, ilihama mabega. Mama wa nyumba na binti zake ndio walioirithi, na kwa kuwa sasa ilifanywa na mtu wa ndani, ikahesabiwa kuwa bure.

Maji ya mzazi, maji ya maiti

Kwa nini wasingeoga maji baridi tu, na pwani ni joto? Swali hili huulizwa na wasiotujua. Mwanamke wa pwani anajua kuna maji ambayo hayangoji hali ya hewa.

Kwanza ni maji ya mzazi. Katika siku arobaini mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, na mama yake, shangazi au mkunga aliyeheshimika. Mtoto naye ana maji yake ya vuguvugu. Chukulia ndoo moja tu kila mara: siku arobaini ni ndoo themanini kwa mzazi peke yake. Ndiyo maana mimba ikifika miezi ya mwisho, kuni zilianza kurundikwa nyuma ya nyumba. Rundo lile lilikuwa sehemu ya maandalizi ya uzazi sawa na kanga na uji wa pilipili manga.

(Kwa wanaokanda wazazi leo: wakunga wa hospitali wanaonya kuhusu maji yanayounguza, hasa kwa aliyepasuliwa au kushonwa. Joto la kustarehesha linatosha. Na unapochanganya maji ya mtoto, tia ya baridi kwanza, ya moto baadaye, kisha pima kwa kiwiko.)

Pili ni maji ya maiti. Mwanamke akifariki, wanawake ndio wanaomwosha, kwa idadi ya witiri, kwa majani ya mkunazi, na kafuri katika josho la mwisho. Pwani yetu wengi hupenda maji hayo yawe ya vuguvugu, kwa upole na heshima kwa mwili. Moto huo huwashwa hata saa nane ya usiku, kuni zikiwa mbichi au kavu.

Tatu ni maji ya josho la kawaida: janaba, hedhi, nifasi. Usiku wa Julai joto la hapa hushuka hadi kuzunguka nyuzi 20, na upepo wa kusi ukipenya makuti, mwenye pumu, mwenye baridi yabisi na mzee wa miaka sabini hawana ubavu wa maji ya mtungini. Kumpashia maji mtu huyu ni kumsaidia asipitwe na swala yake.

Hapo pia sunna imemhurumia mwanamke. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Ummu Salama aliuliza kama afumue misuko yake kwa josho la janaba, akajibiwa kwamba inamtosha kujimiminia kichwani viganja vitatu vya maji, kisha ajimiminie maji mwilini. Mwenye nywele ndefu anaelewa hapo kumeokolewa maji kiasi gani.

Mikoko, mkaa na daraja

Kuni hizo zilitoka wapi? Vijijini ndani zilitoka porini. Visiwani na kando ya bahari, mara nyingi zilitoka mikokoni. Mikoko ya Kilwa na delta ya Rufiji iliendea Uarabuni karne nyingi ikiwa boriti za kuezekea nyumba, na iliyobaki iliingia katika tanuri za chokaa na chini ya masufuria yetu. Mkoko unawaka vizuri na unashika moto muda mrefu. Ila mkoko pia ndio mazalia ya kamba na samaki, na mizizi yake ndiyo inayoshika ufuko usiliwe na mawimbi.

Mwaka 2004 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko wa bahari ulikuwa miongoni mwa sababu. Kuta za mababu zetu zilikuwa zinamegukia majini. Ilichukua miaka kumi ya ukarabati na kulinda ufuko mpaka yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Mwaka huo huo wa 2004 eneo oevu la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu kuni za mikoko, tunazungumza pia kuhusu kitoweo cha mwanao na ardhi iliyo chini ya msikiti wa babu yako.

Kisha ukaja mkaa. Mkaa ni mwepesi kubeba na hauna moshi mwingi, ndiyo maana mji unaupenda. Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa kwenye mto Rufiji. Kabla ya hapo safari ya Dar es Salaam ilisimama kwenye kivuko, na wakati wa mvua ilikuwa mtihani. Daraja lilituletea dawa, mabasi na wageni, na tunashukuru. Lilifungua pia njia ya magunia ya mkaa kutoka misitu ya Kilwa kwenda jijini, na bei ya gunia ikaanza kufuata mfuko wa mtu wa Dar es Salaam, si wa Kivinje.

Na tusisahau moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Anayepuliza moto wa maji ya kuoga alfajiri, jiko likiwa ndani kwa sababu nje kuna mvua, anavuta moshi huo huo, na mara nyingi ana mtoto mgongoni.

Gesi iko kwetu, luku iko ukutani

Katika mkoa wa Lindi hatuwezi kuzungumza habari ya nishati bila Songo Songo. Gesi iligunduliwa kisiwani hapo mwaka 1974. Ilikaa chini ya ardhi miaka thelathini, ikaanza kutumika mwaka 2004, ikipita kwenye bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo kuzalisha umeme. Tangu hapo mashine nyingi za jijini zimezunguka kwa pumzi iliyotoka chini ya kisiwa cha wilaya ya Kilwa. Hata hivyo katika nyumba nyingi za wilaya hiyo hiyo, maji ya mzazi bado yanachemka juu ya mafiga.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, na mwanamke ndiye aliyewekwa mbele katika mazungumzo yake. Tunaongeza neno moja: jiko la pwani halipiki chakula tu. Mtungi wa gesi uliokadiriwa kwa wali na mchuzi utakwisha mapema kama ndani ya nyumba kuna mzazi, mtoto na mzee wa kuogeshwa. Nyumba ipange hesabu yake na maji ya kuoga yakiwemo.

Umeme nao una hesabu yake, na tuifanye hapa pamoja. Boila ya lita 50, kuyatoa maji kwenye nyuzi 25 hadi 60, inakula karibu uniti mbili kila inapojaa na kupashwa. Mara moja kwa siku ni uniti 60 kwa mwezi. Mteja mdogo wa TANESCO hupata bei nafuu kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Akizidi hapo bei ya uniti hupanda sana. Maana yake boila hiyo imemwachia uniti 15 za taa, friji, feni na simu. Tena hatujahesabu joto linalopotea boila ikiachwa inawaka mchana kutwa ikisubiri mtu wa jioni.

Sasa linganisha. Chemsha lita tano katika birika la umeme lenye mfuniko. Zichanganye na lita ishirini za maji ya kawaida. Utapata lita 25 za joto la kama nyuzi 40, zinazotosha watu wawili kuoga kwa kata, kwa chini ya nusu uniti. Umeme ni ule ule. Tofauti ni kwamba umepasha unachohitaji, wakati unaokihitaji.

Kwa nyumba kubwa au ya wageni kuna kifaa kinachoitwa pampu ya joto. Kinafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: kinachukua joto lililo hewani na kulisukumia kwenye maji, hivyo hutumia takriban theluthi ya umeme wa boila ya kawaida. Hewa yetu ya pwani ina joto la kutosha mwaka mzima, kwa hiyo kifaa hiki kinatufaa. Bei yake ya kununua ndiyo kizuizi.

Jua, na swali la madrasa

Jua tunalo. Wazo la kulitumia kwa maji ya kuoga nalo si jipya. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alisajili hita ya jua iliyokuwa matangi yaliyowekwa ndani ya sanduku lenye kioo. Hapa jirani, Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 za kutaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate sehemu kubwa ya joto hilo kutoka juani.

Hita za kisasa za jua hazina siri. Paneli hukaa chini, tenki juu yake. Maji yakipata joto kwenye paneli huwa mepesi, yanapanda yenyewe tenkini, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala umeme. Tenki limevikwa sponji nene, kwa hiyo maji ya saa kumi jioni bado yana joto alfajiri.

Lakini baadhi ya dada zetu wamesita, na kusita kwao kuna asili. Waliosoma Matni ya Abu Shujaa madrasani wanakumbuka mgawanyo wa maji, na kwamba maji yaliyopashwa na jua yametajwa humo kuwa safi na yenye kutwaharisha, ila ni makruhu kuyatumia. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, kwa hiyo swali ni halali kabisa: je, tunaoga janaba kwa maji ya makruhu?

Tuwasome wanazuoni mpaka mwisho. Washereheshaji wa madhehebu wameweka masharti: iwe nchi ya joto, maji yawe katika chombo cha madini yanayofuliwa kwa nyundo, kama chuma au shaba, na yatumike mwilini yakiwa bado ya moto. Hofu yao ilikuwa maradhi ya ngozi. Chombo cha udongo au cha mti hakimo. Yakipoa, ukaraha unaondoka. Na hata pale ukaraha ulipo, josho linasihi. Kisha Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye ni nguzo ya madhehebu haya, alichagua kauli kwamba kwa upande wa dalili hakuna ukaraha.

Hita ya leo hupitisha maji katika mirija ya kioo au paneli iliyofunikwa, na tenki lake hupakwa ndani. Si karai la chuma lililoachwa juani. Ambaye bado moyo wake haujatulia, na amwulize sheikh wake huku akimweleza kifaa kilivyo, asimtajie jua tu. Tunapenda kuona kwamba wanazuoni wale, karne nyingi nyuma, waliuliza maswali mawili ambayo fundi mzuri huuliza leo: tenki ni la madini gani, na maji yana joto kiasi gani? Walisema pia kwamba maji ya moto mno au baridi mno ni makruhu, kwa kuwa humzuia mtu kukamilisha tohara yake vizuri. Nyuzi 40 zinatosha kabisa.

Basi tuanzie wapi?

Anayekaa nyumba ya kupanga na hana uwezo wa kununua chochote mwezi huu aanze na mfuniko, kata na jiko banifu. Sufuria yenye mfuniko huchemka mapema. Chupa ya chai kubwa ya lita mbili au tatu iliyojazwa maji yaliyochemka jioni, wakati jiko bado lina moto wa chakula, itampa mzee maji ya kuoga alfajiri bila kuwasha moto mpya.

Mwenye tangi jeusi juu ya mnara tayari ana hita ndogo bila kujua. Maji ya saa tisa alasiri yana joto la bure. Mtoto aogeshwe wakati huo badala ya saa moja usiku.

Mwenye birika la umeme asiharakishe kununua boila. Mwenye boila tayari aiwashe muda mfupi kabla ya kuoga na kuizima, na aishushe isizidi haja.

Anayejenga, au ndugu wanaojenga pamoja, hao ndio wafikirie hita ya jua mapema, kabla bati halijapigwa na bomba halijafukiwa. Mambo mawili ya kwetu wayazingatie. Kwanza, maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi hula tenki. Muulize fundi kuhusu kipande cha magnesiamu kinachowekwa ndani ili kutu imle yeye badala ya tenki, na kinabadilishwa kila baada ya muda gani. Pili, sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini, ambako ndiko jua linakopita miezi ya kipupwe. Kwa bahati Kilwa iko karibu kabisa kusini ya Makka. Paneli yako itaelekea kibla, na huhitaji dira kuijua njia.

Na nyumba zenye watu wengi, kama madrasa ya bweni, zahanati au nyumba ya ukoo inayopokea wazazi kila mwaka, zikumbuke hamamu. Hita moja ya jua inayochangiwa na familia sita itafanya kazi kila siku. Zamani tulichangiana kuni za mzazi. Hakuna kinachotuzuia kuchangiana tenki lake, na mchezo wa upatu tunaujua vizuri.

Katika karne zote hizi maji ya moto yalifika bafuni kwa sababu kuna mtu aliamka kabla ya wengine. Alikuwa mjakazi, kisha akawa bibi, kisha mama, na katika nyumba nyingi leo ni binti wa darasa la tano anayekoka moto kabla ya kwenda shule. Kila lita tunayoipunguza, na kila moto tunaouhamishia juani, ni usingizi anaorudishiwa binti huyo, na mkoko unaobaki umesimama ufukweni.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zenu, awape shifaa wazazi walio ndani ya arobaini yao, na awarehemu waliotupashia maji na hawapo tena. Amin.